Video ya mashuka: niliyojifunza tulipomtengenezea mteja tangazo tukiwa chuoni

Leo naongea na wewe unayeuzia kwenye simu yako, WhatsApp na Instagram, unayewaza kutengeneza video ya bidhaa lakini hela ya kumlipa mtu wa matangazo haipo.

Nilipokuwa chuo hapa Dar es Salaam, kwenye somo la video tulipewa kazi: kila kundi litafute mfanyabiashara wa kweli, limtengenezee tangazo la dakika moja, na yeye mwenyewe aseme kama linamfaa. Sisi tulikuwa wanne. Nakupa yale ambayo mpaka leo naona yanamsaidia muuzaji mdogo, hata kama anarekodi peke yake.

Mteja wetu

Tulimpata mama anayeuza mashuka. Ananunua kwa jumla Kariakoo, anauza mtandaoni, mzigo wa mikoani anaupakia kwenye basi. Alikuwa amekopa kwenye kikoba chao, mashuka yamejaa chumbani, na marejesho ni kila Jumamosi. Kwetu ilikuwa maksi, kwake ilikuwa hela ya watu.

Alitaka video kali: kitanda kama cha hoteli, muziki unaobamba. Mwalimu wetu akasema tusiguse kamera kwanza, tukaulize wateja wake wanamuuliza nini.

Tukakaa naye mkekani, akatusomea ujumbe wa wiki mbili bila kutaja majina. Maswali yalikuwa yale yale matano. Bei gani? Ni 5 kwa 6 au 6 kwa 6? Ni pamba kweli? Linachuja? Mimi niko Mwanza, nalipataje? Na chini ya yote kuna woga mmoja ambao watu hawausemi: nisije nikatapeliwa. Picha zake nyingi alikuwa amezipakua mtandaoni, na mnunuzi alishaziona kwa wauzaji wengine.

Maswali hayo matano ndiyo tukayafanya mpangilio wa video.

Onyesha, usiape

Swali la saizi tulilijibu kwa futi ya fundi cherehani na godoro la 6 kwa 6: shuka linatandikwa mpaka pembe zinaingia chini ya godoro. Swali la pamba tulilijibu kwa kuchoma uzi. Uzi wa pamba ukiungua unaacha majivu laini na harufu kama ya karatasi iliyoungua. Wa poliesta unayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Sekunde tano tu, na hakuna haja ya kusema "orijino" mara kumi.

Swali la kuchuja tukaliwekea beseni la maji. La bluu likapita, la kijani likapita. Likaja la damu ya mzee, maji yakawa mekundu.

Mama akasema, "Wanangu, hicho kipande kateni. Hilo ndilo lililojaa ndani." Huwezi kumlaumu: mzigo ni wake, deni ni lake. Mwenzetu mmoja akasema tukate, mteja ni mfalme. Mwingine akasema basi tutoe habari ya beseni yote. Tulibishana mpaka jioni.

Mwalimu hakuamua. Alimuuliza tu, "Mama, mteja wa Mwanza akilifua pamoja na shati jeupe la mume wake, atampigia nani simu?"

Mama akanyamaza, akacheka kidogo. Usiku ule akalifua tena, na tena. Asubuhi akatupigia: maji ya mara ya tatu yametoka safi. Tukachukua shuka jingine jipya la rangi hiyo, tukarekodi beseni tatu zikiwa zimepangwa, na yeye akasema kwa sauti yake: "La damu ya mzee linatoa rangi mwanzoni. Lifue peke yake mara mbili za kwanza. Maji ya mara ya tatu haya hapa, yaone."

Kile kipande alichotaka kikatwe ndicho kikawa moyo wa video. Mzigo haukuisha siku moja, uliisha taratibu. Kilichobadilika haraka ni maongezi. Badala ya "ni pamba kweli?" watu wakawa wanaandika "6 kwa 6 ya damu ya mzee ipo?" Na mmoja akaongeza, "Nimeona, nitalifua peke yake." Mteja wa hivyo hakurudishii mzigo, maana alijua anachonunua. Ukisema dosari ndogo mwenyewe, yale mazuri unayosema nayo yanaaminika.

Ya kufanya na video yako

1. Anza na inboksi. Andika maswali matano yanayojirudia, kisha kila swali litafutie kitendo cha kuonyesha: kupima, kufua, kukunja, kumimina, kuvaa.

2. Video moja, bidhaa moja. Bidhaa ionekane sekunde za kwanza. Salamu na nembo vije baadaye.

3. Simu ishike wima, ijaze kioo cha mtazamaji. Mwanga wa dirisha uangukie bidhaa. Dirisha likiwa nyuma yake, bidhaa itaonekana giza. Zima feni na redio. Maneno muhimu yaandike pia kwenye video, maana aliye kwenye daladala anaangalia bila sauti.

4. Taja bei, malipo na usafiri. "Bei inboksi" inamchosha mtu. Mama alisema bei, akasema mzigo unaenda kwa basi, na mteja anatumiwa picha ya risiti ya mzigo.

5. Muziki una mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda msanii hata kama wimbo wake unapigwa kila kona. Sisi tulitumia sauti ya mama na ya maji kwenye beseni, ikatosha.

6. Sura za watu omba ruhusa. Ukionyesha ujumbe wa mteja, ficha jina na namba. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, mteja akijiona kwenye posti yako bila kuulizwa harudi.

Ukitaka kufanya na wanafunzi

Vyuo vinavyofundisha habari na video vina vijana wanaohitaji kazi za mazoezi. Nenda, lakini andikianeni karatasi moja: video ngapi, urefu gani, siku ya kukabidhi, marekebisho mangapi (sisi tulikubaliana mawili), nani anabaki na klipu zote, na kama wanaruhusiwa kuionyesha kama mfano wa kazi yao. Hata wasipodai malipo, wape nauli, chakula na bando. Kuhusu picha, mwanga na urefu, wasikilize, wamesomea. Ila kila ahadi inayotoka kwenye video ikague wewe, maana simu itapigwa kwako.

Kazi ya leo: fungua inboksi, tafuta swali moja linalokuchosha kujibu, lijibu kwa video ya sekunde 30. Kama jibu lina dosari, iseme, na useme mteja afanyeje.

Wateja wako wanarudia swali gani kila siku? Liandike hapo chini, tusaidiane namna ya kulionyesha. Na mtumie mwenzako mwenye mzigo ndani.