Sindano ya Tezi Dume na Sahani ya Mzee

Saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kwa wanaume nchini Kenya. Wazee wetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe wengi huchelewa, wakifika kwa daktari imeshaingia mifupani. Hapo huandikiwa sindano ya kukata homoni, au hushauriwa kuondolewa korodani. Nyumbani minong'ono huanza: mzee kamalizwa.

Hakumalizwa, anatibiwa. Tezi dume hukua kwa testosteroni, homoni itokayo hasa kwenye korodani, na saratani yake hutegemea homoni hiyohiyo. Mwaka 1941 daktari Charles Huggins wa Chicago alionyesha kuwa homoni ikikatwa, saratani hunywea. Mwaka 1966 akatunukiwa Nobeli. Baada ya muda baadhi ya seli huzoea kuishi na homoni kidogo mno, hata kujitengenezea yao. Ndiyo sababu kipimo cha damu cha PSA hurudiwa.

Mke aelewe mapema: kwa tiba hii hamu ya tendo la ndoa itapungua. Si uchawi, wala mzee hajakuchoka. Atashikwa na joto la ghafla usiku, shuka lilowe jasho. Misuli na mifupa hudhoofika, kitambi huongezeka, sukari hupanda.

Kitambi hicho tusikifanyie mzaha. Mwili ukinenepa huacha kuitii homoni ya insulini, kongosho nalo huzidi kuimwaga, na insulini nyingi huchochea seli kukua. Wanaume wanene wameonekana kupata saratani kali zaidi na kufa nayo zaidi. Kwa hiyo homoni moja inazibwa hospitalini, nyingine inafunguliwa jikoni.

Anzeni na chai: vijiko vitatu vya sukari vipungue. Mahamri na viazi karai visiwe vya kila siku. Mpikieni mchicha, mbaazi za tui jepesi, samaki wa kuchemsha na ndimu. Atembee kila jioni. Kuhusu kubeba vizito, daktari aulizwe kwanza. Sukari na presha zipimwe kila anapokwenda kliniki. Tarehe ya sindano isirukwe kwa ajili ya foleni ya feri ya Likoni, ondokeni alfajiri.

Wana wa kiume wa mgonjwa wazungumze na daktari kuhusu PSA kuanzia miaka 40.

Na miguu ya mzee ikilegea ghafla, au akashindwa kukojoa, mkimbizeni hospitali siku hiyohiyo. Uti wa mgongo ukibanwa na saratani, kungoja kesho kwaweza kumfanya asitembee tena.