Baridi ya Julai: Usimwache Shosho Peke Yake

Kati ya Juni na Agosti, baridi na ukungu huwaweka wazee wengi wa Nyandarua ndani ya nyumba. Anayeishi peke yake anaweza kumaliza siku tatu bila kuzungumza na mtu, huku jirani akidhani amepumzika tu.

Upweke ni suala la afya. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inauhusisha na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka duniani. Nayo Katiba, Kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii na kutunzwa na familia yake pamoja na Serikali.

Familia na majirani wafanye nini?

1. Pangeni zamu. Dakika 15 kila siku mbili zinafaa kuliko ziara moja ndefu kwa mwezi. Nendeni mchana, jua likichomoza.

2. Mpe mzee nafasi, si msaada pekee. Mwombe achambue maharagwe nawe, au awasimulie wajukuu historia ya ukoo. Anayehitajika hapati upweke upesi.

3. Walio Nairobi wapige simu siku ileile na saa ileile kila wiki. Mzee ataingoja. Asiposhika, mpigie jirani papo hapo.

4. Chama au kikundi cha maombi kikutane nyumbani kwa mwenzenu asiyeweza kutembea.

5. Siku ya malipo ya Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70, msindikize. Baada ya hapo, kunyweni chai pamoja na wenzake.

Ukimtembelea, tazama jiko. Jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa gesi isiyo na harufu, nayo huua mtu usingizini. Litolewe nje kabla ya kulala. Ukimkuta amechanganyikiwa, anaongea kwa shida au mwili wake ni baridi hata chini ya blanketi, mfikishe hospitalini bila kuchelewa.

Kama unamjua mzee asiye na wa kumtembelea, mwarifu mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, mzee wa kijiji au chifu. Usingoje Agosti iishe.