Kifaransa cha Kufuatilia Lalamiko la Kifurushi

Mkazi wa Bariadi anayetuma kifurushi Bujumbura au Lubumbashi huweza kuzungumza Kiswahili na ndugu yake aliye huko. Hata hivyo, ofisi za huko huandika kwa Kifaransa, ambacho pia ni lugha rasmi ya Umoja wa Posta Duniani, ulioasisiwa Bern mwaka 1874. Kwa hiyo lalamiko lililofunguliwa kwa Kiswahili laweza kurudi na jibu ambalo mlalamikaji halielewi.

Muda na ushahidi

Mkataba wa Umoja huo unaruhusu maulizo kupokelewa ndani ya miezi 6, kuanzia siku inayofuata ile ya kutuma. Fika katika ofisi ya posta uliyotumia ukiwa na stakabadhi. Nakili namba ya ufuatiliaji: herufi 2, tarakimu 9, kisha herufi 2 za nchi kilikotoka, yaani TZ kwa Tanzania.

Maneno ya kutambua

- *Réclamation*: lalamiko au maulizo rasmi
- *Expéditeur*, *destinataire*: mtumaji, mpokeaji
- *Perte*, *spoliation*, *avarie*: kupotea, kuibwa kwa vilivyomo, kuharibika
- *En cours*: linaendelea kushughulikiwa
- *Remis au destinataire*: kimekabidhiwa kwa mpokeaji
- *Classé sans suite*: limefungwa bila hatua kuchukuliwa

Maneno mawili ya mwisho yasikupite. Ukisoma *remis* ilhali mpokeaji hajapata kitu, dai uthibitisho mara moja. Ukisoma *classé*, usidhani jalada limewekwa vizuri likisubiri zamu yake. Limefungwa, na usiponyamaza ndipo litakapoangaliwa tena.

Sentensi za kuandika

1. *Madame, Monsieur,* (Bibi, Bwana,)
2. *Je souhaite connaître la suite donnée à ma réclamation.* (Ningependa kufahamu lalamiko langu limefikia wapi.)
3. *Le colis a été déposé à Bariadi le 4 mars.* (Kifurushi kilikabidhiwa posta Bariadi tarehe 4 Machi.)
4. *Le destinataire n'a rien reçu.* (Mpokeaji hajapokea chochote.)
5. *Veuillez m'envoyer la preuve de livraison, avec la date et la signature.* (Tafadhali nitumieni uthibitisho wa makabidhiano, wenye tarehe na saini.)
6. *Veuillez me répondre par écrit.* (Tafadhali nijibuni kwa maandishi.)

Weka namba ya ufuatiliaji juu ya kila barua, na ubaki na nakala.

Usiporidhika

Maliza kwanza hatua za mtoa huduma. Asipokutendea haki, wasilisha lalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Ziwa ipo Mwanza. Ambatisha stakabadhi na majibu yote, hata yaliyo kwa Kifaransa.

Zoezi

Umejibiwa: *«Votre réclamation est en cours.»* Je, lalamiko limefungwa? Andika sentensi moja ya kuomba jibu kwa maandishi.