Somo la Mwezi: Kuyazuia Maji Pale Yanyeshapo

Katika nchi ya Newala na Masasi mvua hunyesha majira moja tu, tangu Desemba hata Aprili, na mara nyingi hukatika kwa majuma kadhaa mwezi wa Januari au Februari, mimea ikiwa ingali michanga. Kisha huja miezi mirefu ya jua. Basi mwezi huu tujifunze jinsi ya kuyaweka maji tuliyopewa, yasitutoroke.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Uwanda wa Makonde umeinuka juu ya bonde la Ruvuma, na mji wa Newala umeketi ukingoni mwake. Udongo wa juu ni wa mchanga. Mvua inyeshapo haifanyi kijito, bali huzama chini sana, ikatokeza tena katika chemchemi zilizo chini ya uwanda. Kwa hiyo juu hakuna mito, ingawa mvua ya mwaka mwema yaweza kufika karibu milimita 1000. Masasi ni kinyume chake. Iko chini, upande wa magharibi, kati ya vilima vya mwamba mtupu. Mvua ikiupiga mwamba huteremka kwa nguvu na kuchukua udongo wa mashamba. Newala maji hutukimbia kwa kuzama. Masasi hutukimbia kwa kuteremka. Dawa ya mahali pamoja haifai kuchukuliwa bure tu hata mahali pengine.

Karl Weule, mtaalamu Mjerumani aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, aliona kwamba Wamakonde walikaa juu pasipo maji, nao wakayafuata bondeni. Aliandika masimulizi yao kwamba watoto waliozaliwa karibu na maji ya bondeni walikufa, na wale waliozaliwa juu wakaishi. Sisi tujuao habari za mbu na malaria hatuwezi kuwacheka wazee hao. Lakini gharama ya afya hiyo ililipwa na shingo za wanawake, walioshuka na kupanda genge na mitungi kichwani. Katika miaka ya 1950 mashine ziliwekwa kupandisha maji uwandani kwa mabomba, na katika miaka ya 1970 wataalamu wa Finland walisaidia kazi ya maji katika Mtwara na Lindi. Kazi hizo ni njema sana. Hata hivyo mashine huharibika, na bomba likikauka mama hurudi katika njia ileile ya genge. Kwa hiyo yatupasa kuwa na akiba yetu wenyewe.

Sasa tuyatazame mambo matatu yatupasayo kufanya.

1. Kisima cha mvua. Watu wengi wa Newala wamechimba visima vya kuweka maji ya paa, vilivyosakafiwa kwa saruji. Tufanye hesabu. Paa la bati lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 5, likipata mvua ya milimita 20, hutoa lita 1000, yaani madebe 50 ya lita 20, ikiwa hakuna kinachomwagika. Kisima cha mita 3 kila upande, na kina cha mita 3, huchukua lita 27,000, ndiyo madebe 1350. Kwa siku 180 za kiangazi nyumba itapata madebe saba na nusu kila siku. Paa lile litakijaza kwa milimita 540 tu, au zaidi kidogo kwa ajili ya maji yapoteayo. Lakini mvua ya kwanza imwagwe, maana huosha vumbi la paa. Tena kisima kifunikwe imara, mtoto asitumbukie, wala mbu wasizaliane humo.

2. Kuufunika udongo wa mchanga. Mwaka 1945 mhandisi Clement Gillman alieleza kilimo cha Wamakonde: kukata kichaka, kulima miaka michache, kisha kuliacha shamba lipumzike mpaka kichaka kiote tena. Majani ya kichaka huurudishia udongo nguvu. Siku hizi watu ni wengi na mikorosho imeenea, hivyo mapumziko yamekuwa mafupi. Basi tusichome majani makavu. Tuyatandaze chini ya muhogo na mbaazi, ili jua lisiukaushe mchanga.

3. Makinga maji katika miteremko. Fungeni miti mitatu kwa mfano wa herufi A, mkaning'inize jiwe kwa uzi kutoka kileleni. Kwanza isimamisheni mahali palipo sawa, mkatie alama pale uzi ugusapo mti wa kati. Halafu tembeeni nayo kukingama mteremko. Kila uzi unapoifikia alama, miguu miwili iko sawa, nanyi pigeni mambo hapo. Kwenye mstari huo inueni tuta, au pangeni mawe, mkapande majani juu yake. Maji yatasimama nyuma ya tuta na kuzama polepole.

Wenzetu Wamatengo wa Mbinga, walio magharibi yetu, wana njia yao iitwayo ngoro. Hulaza majani yaliyokatwa katika mistari ya miraba, huchimba udongo wa katikati na kuyafunika, hata shimo libakialo lipokee mvua. Njia hiyo imedumu vizazi vingi kwa sababu wenyewe waliona faida yake. Lakini katika milima ya Uluguru serikali ya Waingereza iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, na udongo usio na rutuba ulifunuliwa. Mwaka 1955 pakatokea ghasia, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Tuta lisilopendwa na mwenye shamba halidumu.

Basi tuanze kidogo: paa moja, tuta moja, kabla ya Desemba. Jirani akiona muhogo umesimama katika jua la Februari, atauliza mwenyewe.

Maswali ya kuzungumza pamoja:
Maji ya mvua hukimbilia wapi katika kijiji chetu, chini au mteremkoni?
Paa la shule yetu lina mita ngapi, na maji yake huenda wapi?
Ni nani kati yetu atembeaye mbali kuliko wote kuteka maji, nasi tutamsaidiaje mwaka huu?