Kuchagua Mifugo ya Kihamba Kidogo: Hesabu ya Malisho

Katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro kaya nyingi huishi ndani ya kihamba, yaani shamba la nyumbani ambamo migomba, kahawa, magimbi na miti hukua pamoja, na wanyama hulishwa bandani. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1984 ulionyesha kwamba kihamba kilikuwa na wastani wa hekta 0.68. Tangu hapo ardhi imeendelea kugawanywa kizazi baada ya kizazi, hata ikawa jambo la kawaida kuona familia yenye ekari moja au pungufu. Katika eneo kama hilo, kosa moja katika kuchagua mnyama laweza kula akiba ya miaka mingi.

Aghalabu mfugaji huchagua kwa kutazama ndoo ya maziwa ya jirani. Njia ya kisayansi huanzia mahali pengine: kwenye hori. Swali la kwanza si mnyama atatoa nini, bali atakula nini, kutoka wapi, na nani atakayekibeba chakula hicho.

Tumbo huamua chakula

Ng'ombe, mbuzi na kondoo ni wanyama wanaocheua. Tumbo lao lina sehemu nne, na katika sehemu ya kwanza, iliyo kubwa kuliko zote, huishi bakteria na viumbe wengine wadogo wasioonekana kwa macho. Viumbe hao huvunja nyuzinyuzi za majani ambazo binadamu hawezi kuzimeng'enya. Wao wenyewe baadaye humeng'enywa na kuwa protini ya mnyama. Kwa hiyo mnyama anayecheua hugeuza majani na mabua kuwa maziwa na nyama, bila kushindana na watoto wa nyumba kwa chakula.

Kuku na nguruwe hawana tumbo la namna hiyo. Huhitaji nafaka, pumba, mashudu na mabaki ya jikoni. Kuku wachache wanaojitafutia wadudu na punje zilizomwagika ni faida tupu; lakini kuku mia wanaofungiwa bandani ni walaji wa mahindi, na hapana budi chakula chao kinunuliwe. Sungura yuko katikati: humeng'enya majani kwa msaada wa bakteria walio katika utumbo mpana, kisha hula tena kinyesi chake laini ili apate virutubishi vilivyosalia.

Mizani ya malisho

Malisho mabichi yana maji mengi. Kwa sababu hiyo wataalamu hupima chakula cha mnyama kwa uzito wa malisho makavu, yaani uzito unaobaki baada ya maji kuondolewa. Mabingobingo mabichi huwa na takriban kilo 20 za malisho makavu katika kila kilo 100. Ng'ombe chotara wa maziwa mwenye kilo 400 huhitaji kwa siku malisho makavu yapatayo asilimia 3 ya uzito wake, yaani kilo 12. Hizo ni kilo 60 za mabingobingo mabichi. Mbuzi wa maziwa mwenye kilo 40 hula takriban asilimia 4 ya uzito wake, yaani kilo 1.6 za malisho makavu, au kilo 8 za mabichi.

Ichukuliwe mfano wa kaya yenye ekari moja. Robo ya ekari, yaani hekta 0.1, imepandwa mabingobingo kwenye kingo za makinga maji. Sehemu iliyobaki ni ya migomba, kahawa na nyumba. Ikikadiriwa kwamba hekta moja hutoa tani 12 za malisho makavu kwa mwaka, robo hiyo ya ekari itatoa kilo 1,200. Yakiongezwa majani ya migomba, mabua ya mahindi na majani ya viazi vitamu yenye jumla ya kilo 900, hori lina kilo 2,100 kwa mwaka mzima.

Sasa na ilinganishwe haja ya kila mnyama kwa mwaka:

Ng'ombe chotara mmoja (kilo 400): kilo 4,380.
Ng'ombe wa asili mmoja (kilo 250, akila asilimia 2.5): kilo 2,281.
Mbuzi wa maziwa watatu (kilo 40 kila mmoja): kilo 1,752.

Ng'ombe chotara amepungukiwa kwa zaidi ya nusu. Ng'ombe wa asili amekaribia kutosheka, ila maziwa yake ni lita moja au mbili tu kwa siku. Mbuzi watatu wanashiba, na kilo 348 zinabaki kwa ajili ya wana wao na siku za kiangazi.

Kujikimu kwanza, maziwa baadaye

Huenda mtu akasema kwamba ng'ombe chotara akipewa nusu ya chakula atatoa nusu ya maziwa. Mwili haufanyi kazi hivyo. Chakula cha kwanza hutumika kuendesha moyo, mapafu na misuli, na kulinda joto la mwili. Hicho ndicho chakula cha kujikimu. Kinachozidi hapo ndicho hugeuka kuwa maziwa au ndama.

Kwa ng'ombe wa kilo 400, takriban kilo 6 za mabingobingo makavu huishia katika kujikimu. Kilo 2,100 zikigawanywa kwa siku 365 hupatikana kilo 5.75 kwa siku. Ng'ombe huyo, ambaye kwa lishe kamili yenye protini ya kutosha angeweza kutoa lita 8 hadi 10, hapa hapati hata cha kujikimu. Atatoa maziwa kidogo kwa kula nyama ya mwili wake mwenyewe, kisha atakonda. Mbuzi walioshiba, wawili kati ya watatu wakiwa wanakamuliwa, huweza kutoa lita mbili hadi nne kila siku. Mnyama mkubwa mwenye njaa ni hasara kuliko wadogo walioshiba.

Tumbo lililojaa si tumbo lililoshiba

Kiangazi kinapokaza, wafugaji wengi hukata mashina ya migomba. Mnyama huyala kwa hamu na tumbo hujaa, lakini kilo 100 za shina la mgomba zina takriban kilo 6 tu za malisho makavu. Zilizobaki ni maji. Ili kupata kilo 12, ng'ombe angelazimika kula kilo 200 za mashina kwa siku, jambo lisilowezekana. Shina la mgomba husaidia kumpa mnyama maji, lakini haliwezi kuwa mlo wake.

Dawa ya kiangazi hutayarishwa wakati wa masika. Mabua ya mahindi hukatwa mara baada ya kuvuna, hukaushwa na kuhifadhiwa juu ya dari ya banda. Mikunde ya malisho kama desmodiamu na lukina hupandwa mpakani, kwa kuwa majani yake yana protini nyingi inayowasaidia viumbe wa tumbo la kwanza kuvunja mabua makavu. Hata hivyo lukina isizidi thuluthi moja ya mlo, maana ina sumu iitwayo mimosini.

Jambo la wabebaji nalo si dogo. Kilo 60 za majani mabichi ni mizigo mitatu ya kichwa yenye kilo 20 kila mmoja, kila siku, pamoja na maji ya kunywa yapatayo lita 40 au zaidi kwa ng'ombe anayekamuliwa. Mara nyingi mizigo hiyo huwa juu ya kichwa cha mama au cha mtoto anayepaswa kuwa darasani. Hesabu isiyotia kazi hiyo katika mizani ni hesabu pungufu.

Uzazi na deni

Katika sehemu kadhaa za Tanzania umetumika mpango uitwao Kopa Ng'ombe, Lipa Ng'ombe: familia hupewa mtamba, nayo hulipa kwa kumpa jirani mtamba atakayezaliwa. Mpango ni mzuri, lakini hutegemea mnyama kuzaa, na ng'ombe aliyekonda haonyeshi dalili za joto. Ng'ombe hubeba mimba kwa miezi tisa na kwa kawaida huzaa ndama mmoja. Akizaa dume, deni husubiri tena. Mbuzi hubeba mimba kwa miezi mitano na mara nyingi huzaa mapacha. Huko Mgeta, katika Milima ya Uluguru, mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwe waliletwa katika miaka ya 1980, na ufugaji wao umeendelea kwenye mashamba madogo ya mlimani.

Wafugaji wa mbuzi hawana haja ya kuwa na beberu kila nyumba. Beberu mmoja huweza kuhudumia kaya kadhaa, mradi abadilishwe kabla ya kuwapanda binti zake, kwani uzazi wa ndugu kwa ndugu hudhoofisha kizazi.

Maradhi ya kuzingatia

Ndigana kali huenezwa na kupe, na ng'ombe chotara huathirika kwa urahisi zaidi kuliko wa asili. Chanjo yake, iliyotokana na utafiti uliofanywa Muguga, Kenya, hutolewa mara moja na mtaalamu. Mbuzi huhitaji chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo ilithibitishwa kuwapo Tanzania mwaka 2008. Banda lao liwe na sakafu iliyoinuliwa, yenye nafasi za kupitisha kinyesi, ili kupunguza minyoo na kuoza kwa kwato. Kuku wachanjwe dhidi ya mdondo kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Homa ya nguruwe haina tiba. Na maziwa ya mnyama yeyote yachemshwe kabla ya kunywewa.

Zoezi la shule

Wanafunzi wapime kilo moja ya mabingobingo na kilo moja ya shina la mgomba lililokatwakatwa. Vyote vianikwe juani hadi uzito usipopungua tena, kisha vipimwe upya. Kila mwanafunzi akadirie malisho ya nyumbani kwao kwa mwaka, ayagawanye kwa 365, na aandike ni mnyama gani anayeweza kushibishwa hapo wakati wa kiangazi, si wakati wa masika.

Familia iliyoanza na mbuzi watatu haikufunga mlango wa kufuga ng'ombe. Samadi yao hurutubisha migomba na mabingobingo, mabingobingo huongezeka, na hori likifikia kiasi cha kumshibisha ng'ombe mwaka mzima, ndipo mtamba aletwe.