SOMO LA AFYA: KUSOMA KIFUA KWA MACHO, MASIKIO NA SAA



Hapa kwetu Kisegi na kandokando ya ziwa, kikohozi kimekuwa kitu cha kawaida. Mtoto akikohoa tunasema, "Ni homa tu, itaisha." Mara nyingi inaisha kweli. Lakini siku nyingine si homa tu, ni nimonia, na mtoto mdogo hawezi kungoja mpaka siku ya soko ipite ndipo apelekwe hospitali. Somo hili ni la kutusaidia kutofautisha. Tunahitaji macho, masikio na saa yenye sekunde. Hata ya simu inafaa.

1. KUHESABU PUMZI

Ngoja mtoto atulie. Ukimhesabu akilia au akinyonya, utapata hesabu ya uongo. Pandisha shati lake uone kifua na tumbo. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika 1 nzima, maana watoto hawapumui sawasawa na nusu dakika inaweza kukudanganya.

Mtoto anayekohoa anapumua haraka kupita kiasi akifikisha:

- chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi (rudia kuhesabu ili uhakikishe)
- miezi 2 hadi 11: pumzi 50 au zaidi
- mwaka 1 hadi miaka 5: pumzi 40 au zaidi

Tuseme mtoto wa miezi 8 amepumua mara 56. Hata kama mwili hauna joto kali, apelekwe zahanati leo, sio kesho. Katika nimonia, vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu hujaa maji na usaha. Hewa ikikosa nafasi, mtoto anahema mbio ili atosheke.

2. DALILI ZA HATARI

Angalia chini ya mbavu. Mtoto akivuta hewa na sehemu hiyo ikaingia ndani badala ya kutoka nje, anapumua kwa taabu. Aende kliniki mara moja.

Usingoje mapambazuko ikiwa hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea hata kuamka ni shida, midomo au ulimi umegeuka bluu, au anakoroma anapovuta hewa hali ametulia. Vilevile mtoto wa chini ya miezi 2 anayepumua haraka ni wa dharura.

Tafadhali, usimpe vidonge vilivyobaki vya mtoto mwingine. Vinaweza kuficha ugonjwa bila kuuponya.

3. MHUDUMU ANAFANYA NINI?

Ataangalia, atagusa, atagonga kifua kwa vidole, kisha atasikiliza. Kugonga sio mchezo. Ukigonga mtungi wa maji unajua maji yameishia wapi. Kifua nacho ni hivyo hivyo, penye hewa panalia na penye maji pamezibwa. Daktari Leopold Auenbrugger wa Vienna alieleza njia hii mwaka 1761, na bado inatumika. Anaweza pia kubana kidole cha mgonjwa kwa kidude kidogo kinachopima oksijeni katika damu. Hakiumizi.

Mtu mzima mwenye pumu anaweza kuambiwa apulize kwa nguvu katika kipimo cha pumzi. Mirija ya hewa ikiwa imebana, namba inakuwa chini. Akivuta dawa ya kufungua kifua, namba hupanda.

4. SISI WATU WAZIMA

Kikohozi kikifika wiki 2, au kikija pamoja na jasho la usiku, kukonda au makohozi yenye damu, nenda ukapimwe makohozi. Kifua kikuu hakijulikani kwa kusikiliza kifua peke yake. Dawa zake ni za bure katika hospitali za serikali na kwa kawaida humezwa miezi 6. Akiacha katikati kwa sababu amepata nafuu, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu.

Wanaosaga mawe ya dhahabu kule Macalder, mwambieni mhudumu kazi yenu. Vumbi la mawe huacha makovu kwenye mapafu yasiyofutika, na hurahisisha kifua kikuu kuingia. Akina mama wanaokausha samaki kwa moshi, mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kazi hiyo.

Tena, chanjo. Tangu mwaka 2011 watoto wa Kenya wanachanjwa dhidi ya kijidudu kimoja kikubwa cha nimonia, wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Fungueni vitabu vya kliniki mkaangalie.

YA KUFANYA KATIKA KIKUNDI

1. Kila mmoja ahesabu pumzi za mtoto aliyelala, kisha mwingine arudie. Je, hesabu zinakaribiana?
2. Katika kijiji chetu, ni nani mwenye pikipiki anayekubali kuamshwa usiku?
3. Kikundi kinaweza kuweka kando shilingi ngapi za dharura, ili mama asianze kuomba nauli mtoto akihema?

Swali la 3 msiliache mpaka mkutano ujao.