Dondoo Muhimu: Kukistawisha Kichaka cha Yuriopsi

Kichaka hiki cha maua ya manjano na majani ya kijivujivu, ambacho wataalamu wa mimea hukiita Euryops pectinatus, asili yake ni miteremko ya miamba ya Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, na kwa sababu hiyo atakaye kukipanda hana budi kuiga tabia ya nchi ile.

1. Chagua mahali penye jua la kutwa. Kivulini hurefuka ovyo na maua huwa haba.
2. Udongo wa mfinyanzi uchanganye na changarawe, au panda juu ya tuta, ili maji yasituame.
3. Mwaka wa kwanza kinyweshe kwa taratibu hadi mizizi ishike; baadaye ngoja udongo ukauke kwanza, maana aghalabu kinachokiua si kiu bali ndoo ya mwenye huruma.
4. Samadi iwe kidogo.
5. Maua yakinyauka punguza ncha, wala usikate hadi kwenye tawi kongwe lisilo na majani, kwani ni nadra kuchipua tena.
6. Kwa kuwa huzeeka upesi, otesha vipandikizi vya ncha changa, sentimita 10 hivi, katika mchanga wenye unyevu, kabla mama yao hajachakaa.